Upepo unatoka wapi? Feng shui na nyumba zetu za Lubumbashi

Moshi wa Lubumbashi una njia yake tangu zamani. Mwaka 1911, tanuru za Union Minière zilipoanza kuyeyusha shaba kando ya mto ambao leo umeupa mji jina, upepo wa kiangazi ulikuwa ukivuma kutoka kusini-mashariki, na mpaka sasa unavuma hivyo hivyo. Kilichotoka bombani kilipelekwa kaskazini-magharibi: vumbi lenye shaba, kobalti, zinki, risasi, kadmiamu na aseniki, mwaka hadi mwaka, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Gécamines, kampuni ya taifa iliyoirithi Union Minière, ilizima tanuru zake miaka ya 1990, lakini ardhi iliyokuwa chini ya moshi ule haijapona. Fika mtaa wa Penga Penga ujionee. Kuna mahali majani yamekataa kabisa kuota, udongo uko wazi, na mvua za kwanza zikianguka unachukuliwa mpaka milangoni mwa watu. Watoto wanacheza hapo hapo.

Katikati ya mji, ambako Wazungu walijenga Élisabethville yao kuanzia 1910, hapakuwa kwenye njia ya moshi huo. Na walipotaka kujitenga na Waafrika, waliacha ukanda mtupu wa mamia ya mita kati ya mji wao na cité ambayo leo ni Kamalondo, wakitoa hoja kwamba mbu wa malaria hawezi kuruka umbali ule. Hoja ya mbu ilikuwa imebeba hoja ya rangi. Hata hivyo, mwenye uwezo wa kuchagua mahali pa kukaa aliuliza kwanza upepo unatoka wapi na maji yanatuama wapi. Aliyepangiwa mahali hakuulizwa neno.

Nimeanza na historia hiyo kwa sababu maswali hayo mawili ndiyo kiini cha feng shui, elimu ya Wachina ya kupanga makao kwa kufuata upepo na maji. Siku hizi imetufikia kwa wingi. Simu zetu zimejaa video za Kifaransa zinazotuambia kitanda kielekee wapi, kioo kitundikwe wapi, chura wa miguu mitatu mwenye sarafu mdomoni awekwe pembe gani ili fedha ziingie. Vijana wanaooana wanaulizana rangi ya sebule italeta bahati gani. Sioni aibu yoyote katika kutaka nyumba inayomtakia mema mwenye kukaa ndani yake. Ninachoomba ni tuichukue elimu hiyo kuanzia kwenye mzizi, maana tawi likikatwa na kuletwa peke yake halitaota katika udongo huu.

Mzizi wenyewe ni mkongwe. Kitabu kinachotajwa zaidi, Zangshu, kinasemekana kuwa cha Guo Pu, mwanachuoni aliyeishi kati ya mwaka 276 na 324, na hakikuandikwa kwa ajili ya nyumba bali kwa ajili ya makaburi. Kinaeleza kwamba pumzi ya uhai, wanayoiita qi, hutawanyika ikikutana na upepo na husimama ikifika kwenye maji. Kwa hiyo tafuta mahali palipokingwa na upepo, penye maji karibu. Kutokana na wazo hilo ikajengeka picha ya nyumba bora: mlima mgongoni, maji mbele, mlango ukitazama kusini. Kwa mkulima wa China ya kaskazini picha hiyo ilikuwa na akili timamu. Baridi ya kuua ilimjia kutoka kaskazini, na jua la majira ya baridi lilimfikia kutoka kusini. Mlima ulimkinga, mlango ulimpa joto, mto ulimwagilia shamba. Baadaye wataalamu waliongeza dira, hesabu za nyota na pembe nane, na wafanyabiashara wakaongeza bidhaa. Serikali ya kikomunisti iliyoingia Beijing mwaka 1949 iliipiga vita elimu hiyo kama ushirikina, lakini Hong Kong ilibaki nayo. Disneyland ya huko, iliyofunguliwa mwaka 2005, ilizungushiwa lango lake kwa nyuzi 12 kwa ushauri wa wataalamu wa feng shui.

Sasa ilete kanuni hiyo ya mlango wa kusini hapa kwetu. Lubumbashi iko karibu nyuzi 12 kusini mwa ikweta, juu ya uwanda wa mita 1,200 hivi. Kuanzia sehemu ya pili ya Februari mpaka karibu mwisho wa Oktoba, jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini. Mwezi wa Juni linainama hasa, na usiku wa Juni na Julai baridi inashuka chini ya nyuzi 10. Anayefungua mlango na madirisha makubwa kusini kwa kutii video ya Paris au ya Hong Kong ameukaribisha upepo wa kiangazi pamoja na vumbi lake, na amelipa jua kisogo katika miezi ambayo mifupa inalihitaji. Amefuata maneno ya Wachina na kupoteza maana yao. Guo Pu angezaliwa Katuba, nyumba zake zingetazama kaskazini.

Tuanze basi na jua, kwa kuwa halitozi ada. Nyumba yenye kuta ndefu upande wa kaskazini na kusini, na kuta fupi mashariki na magharibi, inafaa sana kwa mji huu. Juni, jua lililoinama linaingia kwa madirisha ya kaskazini na kupasha sakafu joto. Desemba na Januari linapita karibu na utosi, likiegemea kusini kidogo, na ukingo wa kawaida wa paa unatosha kulizuia. Adui ni ukuta wa magharibi. Oktoba, kabla mvua hazijaanza, jua la saa tisa mchana linaukaanga ukuta huo, na chumba kilicho nyuma yake hakilaliki mpaka usiku wa manane. Hapo ndipo pa kupanda mwembe au mwavokado, mti usiopukutika, na hapo ndipo pa kuweka stoo badala ya chumba cha watoto. Juu, manjanja yasiyo na dari yanageuza nyumba kuwa tanuri mchana na kisima cha baridi usiku. Mwenye fedha ya kununua ama dari ama sanamu ya bahati, anunue dari.

Matofali yetu yenyewe yana la kusema hapa. Uwanda wa Lubumbashi umejaa vichuguu vikubwa vya mchwa, vingine virefu kupita nyumba, na mafundi wamekuwa wakichimba udongo wake kufyatua tofali la kuchoma. Ukuta mnene wa tofali hilo unapokea joto polepole na kulitoa polepole, jambo linalofaa sana katika mji ambao mchana na usiku wa Julai ni kama nchi mbili. Namuona fundi anayejua kuchagua kichuguu kizuri kuwa mtaalamu wa makao sawa na yeyote mwenye dira ya Kichina mkononi.

Baada ya jua ni upepo, na juu yake nataka kukaa kidogo, maana hapa feng shui inagusa uhai na kifo. Katika mchoro wa pembe nane unaouzwa leo, pembe ya kusini-mashariki ndiyo pembe ya mali. Watu wanaambiwa waweke hapo mmea wa kijani au chombo cha maji. Kwetu pembe hiyo ndiyo mlango wa upepo wa kiangazi. Iwekee mti, uzio au ukuta usio na dirisha kubwa. Kisha jiko la nje na choo viende upande wa pili, kaskazini-magharibi mwa lupango, ili moshi na harufu viondoke badala ya kupita sebuleni. Nimeona lupango nyingi ambako mama anapika bukari upande wa kusini-mashariki, na nyumba nzima, mtoto mchanga akiwemo, inavuta moshi wa makala kuanzia asubuhi. Kulihamisha jiko hilo ni kazi ya siku moja.

Usiku wa baridi kuna hatari kubwa zaidi. Umeme wa SNEL umekatika, delestaji imeshika mtaa mzima, na familia inaingiza mbabula chumbani, inafunga mlango na kuziba dirisha kwa kitambaa. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa yanatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu wala rangi. Haikohozeshi, haiwashi macho. Inaleta usingizi na kichwa kizito, na anayelala nayo anaweza asiamke. Wachina wakisema qi isiyotembea inaugua, mimi nasikia onyo hilo hasa. Mbabula ipashe joto chumba wakati milango iko wazi na watu wako macho, kisha itoke nje kabla ya yeyote kulala, na ikitoka isiachwe barazani chini ya dirisha. Tundu mbili za hewa, moja chini na moja karibu na dari kwenye ukuta unaokabili, ziwepo katika kila chumba cha kulala na zisizibwe hata Julai. Baridi inapigwa kwa blanketi.

Upepo huo huo unaleta vumbi, na vumbi la kwetu si la kawaida. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga ya kusini. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodini au kiwandani walikuwa na kobalti nyingi sana mwilini, na hali ilikuwa mbaya zaidi kwa watoto. Mtoto anatambaa, anashika sakafu, anatia mkono mdomoni. Kwa hiyo desturi ya kuvua viatu mlangoni, ambayo Wachina wengi wanayo na wazee wetu wengi pia, hapa ni kinga ya kweli. Fagia baada ya kunyunyiza maji, au pangusa kwa kitambaa kibichi, usipeperushe. Osha mboga za bustani kwa maji mengi, hasa matembele na lengalenga zinazokaa karibu na ardhi. Na usiuache uwanja wa lupango wazi ukidhani kwamba kufagia mpaka udongo ung'ae ndiyo usafi. Panda majani. Watafiti wa chuo chetu wamejaribu huko Penga Penga kufunika udongo wenye sumu kwa chokaa, mbolea na majani yanayovumilia shaba, ili vumbi litulie mahali pake. Kile wanachofanya kwa mtaa, mwenye nyumba anaweza kukifanya kwa mita kumi za uwanja wake.

Juu ya maji, vitabu vya feng shui vinapenda chemchemi ndogo au kidimbwi cha samaki mbele ya mlango. Kwa Lubumbashi jibu langu ni hapana. Mji huu unapata mvua ya milimita 1,200 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Aprili, na maji yoyote yaliyotuama katika miezi hiyo yanazaa mbu. Tairi, ndoo iliyopasuka, shimo mlilochota udongo wa tofali na kulisahau, vyote vifukiwe au vigeuzwe. Maji ya paa yaelekezwe kwenye pipa lenye kifuniko, na yanayobaki yapate mfereji unaoyatoa bila kuyamwaga kwa jirani.

Maji yanayoleta bahati au msiba hapa ni ya kisima. Bomba za REGIDESO hazifiki kila mahali, na zinapofika hazitoi kila siku, kwa hiyo watu wamechimba. Kanuni inayotumiwa na wahandisi wa misaada ya dharura ni kwamba choo kikae angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji ya ardhini, na sakafu ya shimo iwe mita moja na nusu juu ya maji hayo. Choo kiwe upande wa chini wa mteremko, kisima upande wa juu. Sasa pima lupango yako. Nyingi hazina mita 30 popote, na hata ukipanga vizuri kwako, choo cha jirani kiko mita nane nyuma ya ukuta wako. Feng shui ya vitabuni inamshughulikia mwenye nyumba mmoja na bahati yake, ilhali maji ya chini ya ardhi hayajui ukuta. Majirani wanne wakikaa pamoja na kukubaliana visima vyote viwe upande wa barabara na vyoo vyote viwe nyuma, au wakachimba kisima kimoja kirefu cha pamoja, wamefanya kitu ambacho mtaalamu wa dira hawezi kumuuzia yeyote. Kipindupindu kimeupiga mji huu zaidi ya mara moja.

Tuingie sebuleni. Hapa Lubumbashi ina elimu yake juu ya vitu vinavyoita mali, na ni ya zamani kuliko video zote. Miaka ya 1970 Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian walichunguza picha zilizotundikwa katika nyumba za watu wa kawaida katika miji ya shaba. Walikuta kazi za wachoraji wa mtaani, miongoni mwao Tshibumba Kanda Matulu, aliyemchorea Fabian historia nzima ya nchi kwa picha takriban mia. Picha iliyopendwa mno sebuleni ilikuwa ya Mamba Muntu, mwanamke nusu samaki, mwenye nywele ndefu. Hadithi yake kila mtu aliijua: ukipata unywele wake utapata mali, lakini kwa sharti, na sharti lina uchungu. Picha ile ilimwambia mgeni kwamba mwenye nyumba ana kazi, ana mshahara, ana sebule. Ilimkumbusha pia mwenye nyumba kwamba utajiri unadai malipo.

Makanisa ya uamsho yalipoenea, wengi waliitoa ukutani wakiiona ni mlango wa shetani. Sina ugomvi na imani ya mtu. Lakini nikimuona leo chura wa Kichina mahali alipokuwa Mamba Muntu, ninasikitika kidogo. Chura anaahidi fedha na hadai lolote. Hadithi yetu ilikuwa na ukweli mwingi zaidi, na mji huu umeulipia ukweli huo: mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango wa kuondoka kwa hiari, baada ya miezi mingi bila mishahara. Nyumba hazikuwa na mikosi. Hakuna kitanda ambacho kingegeuzwa kikazuia hilo, na yeyote anayemwambia mjane au mstaafu kwamba msiba wake ulitokana na mlango wake anamdhulumu mara ya pili.

Hata hivyo kuna mambo ya ndani ya nyumba ambayo feng shui inayasema vizuri, na nayakubali bila masharti. Kitanda kisiwe kwenye mstari wa mlango, lakini anayelala aweze kuuona mlango: katika mji wenye wezi wa usiku, mtu analala vizuri akijua nani anaingia. Njia kutoka kitandani mpaka nje iwe tupu, bila mabidoni, bila magunia ya makala, bila baiskeli. Hapa naongeza la kwetu. Tumefunga madirisha yote kwa nondo, halafu delestaji ikija tunawasha mishumaa. Moto ukishika pazia, nondo zilizozuia mwizi zinamzuia mtoto. Dirisha moja la kila chumba cha kulala liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, na ufunguo utundikwe mahali ambapo hata mtoto wa miaka minane anaweza kuufikia gizani. Kioo nacho kina faida yake: kiweke ukutani kikabiliane na dirisha la kaskazini, na chumba chenye giza kitapata mwanga mpaka jioni bila mshumaa. Ukuta mweupe wa chokaa unasaidia hivyo hivyo.

Mpangaji ataniuliza, mimi sikujenga, nifanye nini? Nyumba hawezi kuizungusha, lakini vyumba anaweza kuvibadilishana. Walaze watoto na wazee upande wa kaskazini wakati wa baridi, hata kama chumba hicho kilikuwa sebule. Sogeza jiko. Ziba nyufa za ukuta wa kusini-mashariki, acha tundu za hewa. Mwenye nyumba mwenye akili hatakataa, kwa kuwa nyumba inayokaa kavu na safi inamletea mpangaji anayedumu.

Na wenye kujenga ni wengi. Katika commune ya Annexe, kwenye barabara ya Kipushi, ya Likasi na ya Kasumbalesa, viwanja vinakatwa kila juma na watu wanalipa akiba yao yote kwa karatasi moja. Kabla ya kulipa, nenda pale mwezi wa Julai, saa nne asubuhi, usimame katikati ya kiwanja na kuuelekeza uso wako unakotoka upepo. Uliza kuna nini upande ule: kiwanda, kibanda cha kuyeyushia madini, rundo la mabaki ya mgodi, barabara ya malori ya shaba isiyo na lami? Rudi Januari, siku moja baada ya mvua kubwa, uangalie maji yamesimama wapi. Uliza majirani kisima chao kina kina cha mita ngapi, na kama kinakauka Septemba. Muuzaji akikuharakisha na kusema mnunuzi mwingine anakuja kesho, mwache auze kesho.